Wale Waliomshinda Mzee Barnaba

Kapsoya, Jumapili jioni

Nyokabi,

Umetoka na binamu zako kwenda kuwaaga marafiki mjini, na nyumbani tumebaki mimi na masanduku yako mawili hapa sebuleni. Kesho asubuhi tutakupeleka uwanja wa ndege, na najijua: kwenye gari sitasema lolote la maana. Nitakuuliza kama umebeba sweta, halafu nikuulize tena. Kwa hivyo naandika sasa, kabla giza halijaingia. Habari za pasipoti, chakula na kupiga simu, shangazi zako wameshazimaliza. Mimi nina jambo moja tu, na sijawahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita majibu yalikuja kutoka ile hospitali ya Ujerumani. Kazi ulikuwa umeshapata, lakini walitaka kila muuguzi mpya ajaze kile kipimo cha akili ya hisia, ili wajue wamweke wodi gani. Uliileta ripoti mezani nikiwa nakata sukuma wiki. "Mum, hawa watu wanasema mimi ni baridi," ulisema. Ulicheka, ukaniwekea karatasi kando ya kisu. Kulikuwa na vijiti vya rangi vya kuonyesha alama, na kile cha kuonyesha hisia kilikuwa kifupi kuliko vyote. Niliitazama ile karatasi, nikaweka kisu chini, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazikuwa zimekauka. Ulikaa siku mbili bila kunisemesha, na sikukulaumu.

Ulidhani sijali. Nilikuwa nimeogopa. Karatasi kama ile niliwahi kuitengeneza mimi mwenyewe.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa ofisi ya wafanyakazi katika ile hospitali ya kibinafsi niliyofanyia kazi kabla ya kuanza duka. Wagonjwa walikuwa wanalalamika kwamba wahudumu wetu wana roho ngumu, na mkurugenzi akaamua tupime kila mtu anayekutana na umma, kuanzia wauguzi hadi walinzi wa getini. Aliletwa mshauri kutoka Nairobi, mama mmoja mpole anayeitwa Linet, akanifundisha asubuhi nzima jinsi ya kuutumia ule mtambo. Mtu anajaza maswali, kompyuta inatoa ripoti.

"Kuna kitu kimoja usikifanye kwa haraka," Linet aliniambia. "Alama peke yake haisemi kitu. Nikikuambia mtu ni mrefu, utaniuliza mrefu kuliko nani. Hapa ndipo unachagua huyo nani." Akanionyesha orodha kwenye kompyuta. Kulikuwa na kundi la watu wazima kwa jumla, kundi la wahudumu wa afya, kundi la mameneja na viongozi. Wote walikuwa watu wa nchi za mbali waliojaza maswali yale yale kitambo. Mwisho kabisa palikuwa na mahali pa kutengeneza kundi lako mwenyewe. "Jiulize unataka kujua nini," alisema, "halafu utafute watu wanaofanana na wako na kazi yao. Usipopata, usijifanye umepata."

Niliandika yote kwenye daftari. Linet alirudi Nairobi mchana, na jioni hiyo hiyo mkurugenzi alipita ofisini akasema, "Mama Nyokabi, tunataka viwango vya juu. Usitupime na watu hivi hivi." Nikabonyeza kundi la mameneja na viongozi. Sikufikiria hata dakika moja. Lilikuwa na jina zuri, na nilijua lingempendeza.

Nitakuambia na hili, kwa sababu ndilo linaloniumiza. Mimi pia nilijaza kile kipimo. Ripoti yangu ya kwanza, kwa kundi la mameneja, ilinitoa wa chini chini. Nikaifuta. Nikajipima tena kwa kundi la watu wazima kwa jumla, nikatoka juu, nikaichapisha hiyo na kuiweka kwenye faili langu. Wengine wote nikawaacha kwa mameneja.

Aliyekuwa wa mwisho hospitali nzima ni Mzee Barnaba wa mochari.

Hukuwahi kumwona. Alikuwa mtu wa kijijini Plateau, mrefu, mkavu, mwenye koti la kijani la kazi ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa amehudumia maiti miaka mingi kabla mimi sijaajiriwa. Hakucheka na watu, na hakutoa pole zile ndefu za kushikana mikono. Ila ukipita nyuma karibu na mochari ungemsikia akiongea mle ndani peke yake, polepole, kama mtu anayepanga watoto kwenda shule. Aliwaita kwa majina. Aliwaambia leo ni siku gani na kama kunanyesha. "Mama Tabitha, watu wako wamesema watafika kesho, barabara imeharibika." Sisi wa ofisini tulicheka tukisema mzee amechanganyikiwa.

Ripoti ilisema Barnaba ana uwezo mdogo sana wa kuonyesha hisia na kujenga uhusiano. Ilisema pia kwamba majibu yake mengine hayaaminiki. Kwenye sentensi moja, "Hata mtu akinyamaza, najua anahisi nini," alikuwa amejibu: kila wakati. Kompyuta iliweka alama nyekundu pale. Maelezo yalisema anajisifu, kwa sababu katika kundi lile karibu hakuna aliyejibu hivyo.

Mkurugenzi akaamua atolewe mochari, apelekwe chumba cha kufulia. Barua nilimpa mimi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja.

"Hawa walionishinda ni akina nani?" aliniuliza.

"Ni watu wengi, Mzee. Wako kwa kompyuta."

"Wanaishi wapi?"

"Mbali. Ng'ambo."

"Wanaosha maiti?"

"Hapana, Mzee. Ni mameneja."

Akainua macho, akatazama nyuma ya bega langu, taratibu, kutoka kona moja ya ofisi hadi nyingine, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. "Ni wengi kweli," alisema. "Na hakuna hata mmoja anayeniangalia."

Niligeuka. Nyuma yangu palikuwa na kabati la mafaili na ukuta. Nilipomrudia, alikuwa ameshatoka, na mlango sikuusikia. Kuanzia siku ile sikupenda kukaa nimeupa ule ukuta mgongo. Nilihamisha meza, nikamwambia kila mtu ni kwa sababu ya mwanga.

Mahali pake tulimweka kijana anayeitwa Dennis, aliyetoka juu hata kwa mameneja. Alikuwa na tabasamu zuri na maneno matamu, na wiki ya kwanza tulisifiwa. Wiki ya pili Mama Jerotich, aliyekuwa akisafisha upande ule, alikuja kuniomba nimhamishe. Nikamuuliza kwa nini.

"Sitaki kusema uongo, Mama Nyokabi. Hakuna kitu nimeona. Lakini mle ndani siku hizi ni kama nyumba ambayo watu wamenuniana. Ukiingia, unajua walikuwa wanaongea, wamenyamaza kwa sababu yako."

Nilicheka, halafu nikaenda kuona mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Dennis alikuwa nje kwenye simu. Niliingia nikasimama katikati. Kila kitu kilikuwa safi, mashine inanguruma kama kawaida. Lakini nilipata ile hali unayopata ukiingia kwenye mkutano umechelewa, na wote wameacha kuongea wakikungoja useme ulichokuja kusema. Hakuna jina hata moja nililolijua mle ndani. Nilitoka nikitembea haraka, na siku hiyo sikula chakula cha mchana. Mama Jerotich nilimhamisha.

Halafu familia zikaanza kumtaja yule mzee. Mtu anakuja kusaini karatasi ofisini, anasema, "Asanteni sana, na mumshukuru yule mzee wa mlangoni." Mzee gani? "Yule wa koti la kijani." Nilidhani Barnaba anatoroka kufulia. Nikamuuliza msimamizi wake. Akaniapia kwamba mzee hatoki hata kwenda chai, anakunja mashuka tu na kunyamaza.

Alhamisi moja, wiki kama tano baada ya kumhamisha, ilikuja familia kutoka Kesses kumchukua baba yao. Walikuwa wamemngoja kijana wao afike kutoka ng'ambo. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu, aliingia ofisini kwangu mbio, leso ameibana mdomoni.

"Madam, yule mzee ametuambia tusifunge sanduku kabla ya kutazama mkono wa kushoto."

"Mzee yupi?"

"Aliyesimama mlangoni. Baba alikuwa na kovu la panga hapa, tangu ujana. Madam, yule mle ndani hana kovu."

Tulikimbia. Dennis alikuwa amesimama kando ya sanduku, uso umepauka. Alikuwa amechanganya vitambulisho vya wazee wawili, na baba yao alikuwa ameandikiwa jina la mtu wa Busia. Gari la kwenda Busia lilikuwa tayari limewashwa injini getini. Tulilisimamisha. Tulifungua sanduku lake, na kovu lilikuwepo. Yule binti alikaa chini kwenye saruji, akaushika ule mkono, na sauti aliyoitoa sitajaribu kuiandika.

Nilimuuliza Dennis, "Barnaba alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu alikuwa hapa, Mama. Mlangoni nilikuwa mimi."

Nikaenda kufulia. Msimamizi akasema Barnaba yuko likizo tangu Jumatatu. Nikampigia simu. Alipokea upesi, na nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Mzee, uko wapi?"

"Nyumbani Plateau, nakamua. Kwani wale wa Kesses wamefika?"

Sikuwa nimemwambia kitu, Nyokabi. Sikuwa hata nimetaja Kesses.

Yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya kuwaambia watu kama kunanyesha. Yule marehemu wa Kesses alikuwa amempokea mwenyewe, siku yake ya mwisho mochari. Alikuwa ameuosha ule mkono akaona kovu. Alikuwa amemsikia binti akisema watakuja mwezi ukikatika, kijana wao akishafika. "Leo nimeamka na yeye kichwani," alisema. "Nikamwambia, Mzee, leo unaenda nyumbani. Lakini moyo ukakataa."

Sehemu hiyo naielewa. Mtu anayejali kazi yake huhesabu siku hata kama ameondolewa. Aliyesimama mlangoni, hata leo sijui. Niliuliza watu watatu wa ile familia, mmoja mmoja, na wote waliniambia koti la kijani. Sina maelezo, na sitakutungia.

Wiki hiyo nilimpigia Linet, nikamwambia kundi nililochagua. Aliniomba nirudie.

"Uliwapima wahudumu wa mochari kwa mameneja?"

"Ndiyo."

"Ulitaka kujua nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama Barnaba angekuwa anaomba umeneja, lile kundi lingekuwa na maana. Sisi tulitaka kujua kama anafaa kupokea wafu na wafiwa, na hilo hakuna meneja hata mmoja angeweza kutujibia.

Nikaanza kutafuta watu wa kazi yake. Nilitumia Jumamosi zangu. Utakumbuka nilikuwa nakuacha kwa Shangazi Wairimu na kusema nina semina. Nilizunguka hospitali za huku kwetu na za kaunti jirani, nikiwaomba wahudumu wa mochari wajaze kile kipimo kwa hiari, bila majina. Walinitazama kwa mashaka, halafu wakajaza. Linet alinionya kwamba kundi dogo nalo hudanganya, nisije nikalitumia kama ukweli wa Biblia. Nikakubali. Nilitaka tu kumwona Barnaba akiwa na watu wanaomjua.

Fomu nilizisoma nyumbani, hapa hapa kwenye hii meza, Jumapili moja mchana. Sikusikia raha. Watu wale hawakuwa wamewahi kuonana. Walikuwa wa makabila tofauti na umri tofauti, mmoja alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Lakini majibu yalifanana fomu baada ya fomu, kana kwamba mtu mmoja ametembea hospitali zote akizijaza. Naonyesha wengine ninavyohisi: mara chache. Nazungumza juu ya huzuni yangu: hapana kabisa. Na ile sentensi iliyomwekea Barnaba alama nyekundu, hata mtu akinyamaza najua anahisi nini, wote, hadi yule mama kijana, walikuwa wamejibu: kila wakati.

Hawakuwa wanajisifu. Kazi yao yote ni watu walionyamaza.

Nilipomweka Barnaba ndani ya kundi hilo, kijiti chake cha kuonyesha hisia kilipanda hadi katikati. Hakuwa jiwe, na hakuwa malaika pia. Alikuwa mtu wa kawaida kati ya watu wa kazi yake, na mimi nilikuwa nimempeleka kufua mashuka.

Ripoti ile nilimpelekea mkurugenzi pamoja na habari ya Kesses. Nashukuru hakubishana. Barnaba akaitwa arudi, na Dennis akapelekwa mapokezi, ambako kusema kweli alifaa sana. Mama Jerotich aliniambia baadaye kwamba mle ndani watu wamepatana.

Sasa nirudi kwa karatasi yako. Usiku wa siku ile uliyoileta uliiacha mezani. Niliisoma hadi maandishi madogo ya mwisho, yale ambayo hakuna mtu husoma. Wamekulinganisha na wauguzi wa nchi yao. Nilikaa nayo muda, maana nilitaka kukasirika kwa niaba yako na sikuweza. Kwa swali moja wana haki. Utahudumia wagonjwa wa kule, na mgonjwa aliyezoea muuguzi wa kusema kila kitu usoni huenda asikusome vizuri unapomshika mkono kimya. Hilo jifunze, si aibu, ni kama kujifunza lugha yao. Lakini kama wanataka kujua una huruma kiasi gani, kundi lile halikujui. Mimi nilikuona ukimwosha nyanya yako miguu miezi yote ile bila kusema neno, na yeye hakuwahi kuuliza kama unampenda. Waulize, kwa heshima, walitaka kujua nini na wamekupima kwa nani. Usilie kabla hujauliza.

Na najua utapanda. Una akili na una subira, siku moja utapewa wewe kuwapima wengine. Siku hiyo kitu kitakunong'oneza uchague kundi litakalompendeza aliye juu yako, na ujichagulie wewe mwenyewe kundi laini. Hakitapiga kelele. Mimi kilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Limebaki moja, na ndilo nililokalia chini kuliandika.

Barua ya kurudi kazini niliipeleka mwenyewe hadi Plateau. Barnaba alinikaribisha, mke wake akaleta mursik, maziwa ya kibuyu, na viti, tukakaa nje. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilimwambia kulikuwa na makosa katika kipimo, kwamba kompyuta ilimlinganisha na watu wasiofaa. Alisikiliza akitazama mbali kwenye mahindi.

"Basi ilikuwa kompyuta," alisema.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Mke wake alikuwa ameingia ndani. Tulikuwa wawili tu. Alinigeukia akaniangalia, si kwa ukali, aliniangalia tu na kungoja, na najua alikuwa anasikia kila kitu nilichokuwa nimenyamazia.

"Ndiyo, Mzee," nilisema. "Ilikuwa kompyuta."

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa, Mama," alisema, na akanimiminia tena.

Alifanya kazi hadi akastaafu. Kila tulipokutana kwenye korido alinisalimia vizuri, akakuulizia wewe, na kila mara alisita kidogo kabla ya kuendelea na safari yake, kama mtu anayeacha mlango wazi. Sikuingia. Alifariki mwaka juzi. Kwenye mazishi nilisimama nyuma ya watu, na kaburi lilipofunikwa nilikuwa bado nayapanga maneno.

Nasikia gari lenu getini. Soma hii ukishafika, na usinipigie siku hiyo hiyo.

Ni mimi, mama yako, niliyechagua.